Maziwa ya Vumbi

Kamati ya afya ya kiwanda ilikutana ghorofa ya pili. Aliyepanga hivyo labda hakuwa na ubaya wowote moyoni. Huko juu ndiko kulikokuwa na meza ndefu, viti vya mto na feni inayozunguka. Lakini mtu aliyeitwa mbele ya kamati hiyo aeleze habari za mapafu yake alilazimika kwanza kuyapandisha ngazi, na ngazi zenyewe zilikuwa za zege, ndefu, hazina pa kushika.

Redio alipanda tatu, akasimama. Mkewe alikuwa ametangulia, kavaa gauni lake la harusini na misibani, kabana kwapani bahasha kubwa yenye picha ya kifua. Nyuma alikuja binti yao wa kwanza, ambaye nyumba nzima, hata wazazi wake, walimwita Dada. Alibeba stuli ya mbao. Stuli hiyo ilikuwa wazo lake mwenyewe. Kila baba yake alipoinua kiganja, Dada aliiweka chini haraka, naye akaketi, akainama mbele, viwiko juu ya magoti, akavuta hewa kama mtu anayeteka maji kisimani kwa kamba fupi. Ndoo inashuka, inaning'inia, maji anayaona, hayafikii.

Makarani walishuka na vikombe vyao vya chai wakampita. "Pole, mzee," wakasema. Mzee mwenyewe alikuwa hajatimiza miaka hamsini.

"Tutachelewa," mkewe alisema kutoka juu. "Halafu waseme hatukuja."

"Tupo," Redio alijibu.

Siku hizi alichagua maneno mafupi. Alikuwa ameyajua yote, na kila moja alilijua uzito wake.

Jina la Redio hakupewa bure. Katika karakana ya kunoa misumeno, ambako mashine zilipiga kelele mpaka watu wakazoea kuongea kwa mikono, yeye peke yake ndiye aliyeongea kwa mdomo, kutwa nzima, na akasikika. Alitangaza mechi za mpira ambazo hakuziona. Alimsimulia jirani yake wa mashine ya pili, fundi mfupi aliyeitwa Kifundo, ugomvi wa nyumba ya kumi, sauti zote, ya mume, ya mke na ya mama mkwe. Alimtukana msimamizi kwa mafumbo mazuri kiasi kwamba msimamizi alicheka kwanza, akaelewa akiwa nyumbani kwake. Siku ya kwanza alipokatika katikati ya hadithi, Kifundo alisema, "Redio imeisha betri," karakana ikaangua kicheko, naye akacheka pamoja nao. Kicheko hicho ndicho kilichompigisha magoti.

Kazi yao ilikuwa kunoa misumeno ya duara ya viwanda vya mbao. Meno ya misumeno ile yamebandikwa vipande vya chuma kigumu kuliko chuma, hakinoleki ila kwa jiwe lake maalumu. Jiwe linazunguka, mnoaji anasogeza jino, na bomba dogo linamwagia maji ili kupoza na kulaza vumbi. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Lakini pampu ya maji ilikuwa na tabia ya kuharibika msimu wa kazi nyingi, na msimu wa kazi nyingi hakuna anayesimamisha mashine kwa ajili ya pampu. Walinoa kavu. Jiwe lenye maji huguna. Jiwe kavu hulia, sauti nyembamba, ya juu, inayoingia mpaka kwenye magego. Redio aliweza kukaa chooni na mlango umefungwa akakwambia ni mashine gani imekosa maji. Hata wapishi wa kiwanda waliweza.

Vumbi lake lilikuwa laini, la kijivu, na lilikaa kwenye kope, juu ya chai, ndani ya mate. Lilikuwa na ladha tamutamu kama ya sarafu iliyowekwa mdomoni. Feni ya kulinyonya ilikuwepo, kubwa, imepakwa rangi ya kijani. Iliwashwa siku za wakaguzi. Wakaguzi wakishapanda gari lao, ilizimwa, maana ilisemekana inakula umeme.

Badala ya feni kulikuwa na maziwa. Mwisho wa zamu kila mnoaji alipewa pakiti moja. Hakuna aliyejua nani alianzisha jambo hilo. Lilikutwa pale, kama kuta. Watu walisema maziwa hufagia kifua, hulibeba vumbi likatoka nalo. Waliyaita maziwa ya vumbi. Wanoaji waliamini, meneja aliamini au alijifanya kuamini, na wake wa wanoaji waliamini kuliko wote.

Waliamini, na hakuna aliyekunywa. Utasimamaje getini unywe maziwa peke yako, na watoto unao? Kila mwanamume aliitia pakiti yake mfukoni mwa ovaroli akaenda nayo nyumbani, imepata joto la paja. Mtaani kwao mtoto wa mnoaji ulimjua kwa meno na kwa miguu iliyonyooka. Binti akitajwa kwa ajili ya posa, watu walisema, "Yule kakulia maziwa ya vumbi," na ilikuwa sifa.

Daktari wa hospitali kubwa, mwanamke kijana mwenye sauti ya uchovu, ndiye wa kwanza kumuuliza Redio anafanya kazi gani. Waliomtangulia walikuwa wamempa dawa za kifua kikuu, akazimeza mpaka mkojo ukabadilika rangi, akabaki vilevile. Huyu alipachika picha kwenye taa, akaitazama, akauliza, Redio akajibu, na daktari akaitazama picha tena.

"Haya ni makovu," alisema. "Katika kile chuma chenu mna madini yanaitwa kobalti. Vumbi lake likiingia mapafuni, mapafu yanajishona yenyewe kwa ndani. Yakishajishona hayafumuki."

"Kuna maziwa," Redio alisema. "Tulipewa. Sikunywa."

Alikuwa amelala na neno hilo siku nyingi. Daktari alitaka kutabasamu, akajizuia.

"Maziwa yanakwenda tumboni, baba. Mapafuni hayafiki hata ukinywa ng'ombe mzima. Usijisumbue na hilo."

Mkewe hakuyasikia hayo. Alikuwa kwenye foleni ya dirisha la dawa. Redio wa zamani angemsimulia yote njiani, angeigiza sauti ya daktari, angemleta na ng'ombe mwenyewe pale barabarani akiwa na pembe zake. Lakini siku ile mbele yao palikuwa na kilima, na mkewe alipouliza, "Amesemaje?" Redio alisema, "Vumbi," akaweka akiba pumzi ya kupandia.

Jambo lililomleta ngazini asubuhi hii lilikuwa jepesi kulieleza. Kamati ikikubali kwamba ni kazi iliyomuumiza, kiwanda kitamnunulia mashine ya hewa, ile ya kuwekwa pembeni mwa kitanda, na ujira wake utaendelea. Kamati ikikataa, ataachishwa kwa sababu za afya, kwa mkono mtupu. Daktari wa hospitali alikuwa amemwambia kwamba bila mashine ile atalala ameketi, na baadaye hata kuketi hakutasaidia.

"Karibu mzee wetu, karibu," mwenyekiti wa kamati alisema walipofika mlangoni. Alikuwa mtu mpole mwenye miwani inayoning'inia kifuani. "Ngazi zimekuchosha?"

Redio alimtazama. Majibu matano yalimjia, yote mazuri, yote marefu. Aliketi.

Mezani walikuwa wanne: mwenyekiti, daktari wa kiwanda, msimamizi wa karakana, na mwakilishi wa wafanyakazi, ambaye wafanyakazi walijulishwa siku moja kwamba wamemchagua. Huyu wa mwisho alikuwa anaichezea simu yake chini ya meza. Mke wa Redio alisimama nyuma ya kiti cha mumewe. Dada alisimama ukutani, stuli mkononi.

Daktari wa kiwanda aliielekeza picha dirishani. "Makovu, naam. Lakini makovu huletwa na mengi. Moshi wa jikoni. Ukungu wa ukutani. Manyoya. Unafuga kuku?"

"Hapana."

"Hata jirani?"

"Jirani anafuga," mkewe alisema, kwa kuwa ilikuwa kweli.

Daktari alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata alichokuwa anatafuta.

Redio aliona jambo linavyokwenda. Alikuwa amepanga maneno yake tangu alfajiri, machache, kila moja mahali pake: feni, pampu, kunoa kavu. "Feni," alianza. "Feni yenyewe ha..." Kikohozi kikamkaba.

"Hajawahi kuilalamikia," msimamizi alimalizia, kwa upole kabisa. "Hilo ni kweli na nalishuhudia. Katika wote, huyu hakuwahi kuleta malalamiko. Mcheshi, mchapakazi."

"Pampu..."

"Pampu ilitengenezwa, mzee. Usiwe na wasiwasi nayo."

Mkono wa mkewe ulimkaza begani. Mama yule alikuwa ameyafuata mazungumzo kwa uso kuliko kwa masikio, na alichokiona kilimchoma: watu wale walikuwa wanamtazama mumewe kama mzururaji aliyekuja kujitafutia. Kuku, malalamiko, pampu. Hawakujua ni mtu wa namna gani. Basi akaona awajulishe.

"Waheshimiwa, naomba na mimi niseme neno."

"Sema, mama. Hapa ni kwenu."

"Mume wangu si mlevi. Sigara hajui hata inashikwaje. Si mtu wa kujipenda huyu." Sauti yake ilitetemeka, kisha ikashika njia. "Hata yale maziwa mliyokuwa mkimpa, tangu tumeoana hajawahi kunywa hata tone. Yote aliyaleta nyumbani. Mtoto wa kwanza mpaka wa mwisho wamekulia hayo. Huyu hapa wa kwanza, mtazameni alivyo."

Wote wakamtazama Dada. Dada alikuwa mrefu, amenyooka, na kwa aibu alitabasamu, meno yake yakaonekana yote.

Redio aliinua kiganja kumnyamazisha mkewe. Dada akakiona kile kiganja, akaja mbio na stuli akaiweka kando ya kiti alichokalia baba yake.

"Hebu rudia hapo, mama," mwenyekiti alisema. Alikuwa amevaa miwani. Mwakilishi wa wafanyakazi naye aliiacha simu. "Maziwa aliyaleta nyumbani?"

"Kila siku ya kazi."

"Yeye hakunywa."

"Hata tone," alisema kwa fahari.

Feni ya darini ilizunguka. Msimamizi alitazama meza. Yeye alijua siku zote. Alisimama getini kila jioni akiona mifuko ya ovaroli ilivyotuna, na mwanzoni, kabla ya kuwa msimamizi, mfuko wake nao ulituna.

"Yako... tumboni," Redio alisema. "Yanakwenda tumbo..."

"Tumbo nalo linamsumbua?" daktari wa kiwanda alimuuliza mke wa Redio.

Mwenyekiti alikunja mikono juu ya meza. Alionekana ameumia kweli. "Mama, maziwa yale si zawadi. Ni kinga. Kiwanda kilitoa kinga kwa mfanyakazi wake, kila siku, bila kukosa, wewe mwenyewe umeshuhudia. Sasa mtu akipewa mwavuli akamfunika mwenzake, ni jambo jema, hatulisemi vibaya. Lakini akilowa, atamdai nani?"

Ulikuwa msemo mzuri. Redio mwenyewe, enzi zake, angeuazima.

Waliambiwa wasubiri nje, wakaitwa tena kabla hata kiti cha kusubiria hakijapata joto. Kamati ilikuwa imesikitika sana. Ilimshukuru kwa utumishi wake. Ilimtakia afya njema.

Kushuka kulikuwa kwepesi. Walifika kona ya kwanza mkewe bado anawalaani watu wa juu kwa uchoyo wao. Kwenye kona ya pili alinyamaza. Akakaa kwenye ngazi na gauni lake la harusini, akiwa bado amebana bahasha kwapani.

"Ni mimi," alisema. "Nimekuuza kwa mdomo wangu."

Redio alitikisa kichwa. Alitaka kumwambia kwamba hata angenyamaza wangepata kingine. Walikuwa wameshaanza na kuku. Alitaka kumweleza habari za ng'ombe. Alimshika mkono, akamvuta ainuke, na kumvuta huko kulimmalizia alichokuwa nacho.

Nyumbani ilikuwa mbaya zaidi. Mkewe hakulia, aliosha vyombo vilivyokuwa safi. Kitinda mimba wao aliuliza kama kuna maziwa, akafukuzwa uani. Dada ndiye aliyelitoa lile neno, amesimama mlangoni, stuli bado mkononi kama aliyesahau pa kuiweka.

"Kwa hiyo, baba, sisi ndio tumeyanywa mapafu yako."

Redio alikasirika. Hasira ya mtu mwenye pumzi hutoka ikaisha. Yake haikuwa na pa kutokea, ikamzunguka kifuani mpaka macho yakamtoka. Alikipiga kikombe ukutani. "Uongo," alisema. "Maziwa... uongo. Dak-tari." Alivuta. "Alisema."

"Anatutuliza," mkewe alimwambia Dada, kwa sauti ya chini, kana kwamba aliyekosa pumzi amekosa na masikio. "Ndivyo alivyo baba yako. Hata sasa anatutuliza sisi."

Usiombe kutojulikana. Lakini kujulikana hivyo, ukasifiwa mpaka maneno yako yakakosa thamani, huko nako ni kuzikwa mzima.

Wiki haikwisha kabla tangazo halijabandikwa getini. Kuanzia siku hiyo maziwa yatatolewa asubuhi, kabla ya zamu, na kila mnoaji atayanywa palepale mbele ya msimamizi. Kutoka na pakiti ni kosa la kufukuzwa kazi. Mke wa Kifundo alimkuta mke wa Redio bombani, akaisogeza ndoo yake mbele bila kusalimia.

"Mdomo wako umetuponza, mama Dada," alisema. "Wangu leo wamekunywa chai ya rangi."

"Mwenzangu, sikujua."

"Hukujua. Na mimi nikawaambie watoto hukujua."

Wengine walikuwa wapole zaidi, na ndio waliouma zaidi. Waliacha tu kupita pale nyumbani. Kifundo, aliyekuwa akija kila Jumapili kumsimulia Redio habari za karakana, alituma salamu. Redio aliketi dirishani, mito mitatu mgongoni, akamngoja, akajua, akaendelea kumngoja.

Aliyekuja ni msimamizi. Alikuja na mfuko wa machungwa na shati la kiraia, akaketi ukingoni mwa kiti kama mkwe.

"Kiwanda si mnyama," alisema. "Nimewaambia kule juu, familia ile tusiitupe. Mashine yake ipo wazi. Binti amemaliza shule, yupo tu nyumbani. Aje ashike nafasi ya baba yake. Tumeanza kuchukua wasichana, wana mikono mizuri kwa meno madogo."

"Hapana," Redio alisema.

Neno hilo lilitoka zima. Halikukatika, halikukoholewa, lilikuwa safi kama siku zile alipokuwa akitangaza mechi. Wote watatu, mgeni, mama na binti, walilisikia. Msimamizi alicheka kidogo, akampigapiga gotini. "Ah, mzee wangu. Redio ni Redio." Kisha akamgeukia mama wa nyumba na kuuliza kama Jumatatu ni sawa.

Dada alikuwa anamenya chungwa. "Nitakwenda," alisema.

Redio alizitumia siku zilizobaki zote kwa jambo moja. Alimweleza binti yake kidogo kidogo, kama mtu anayemwaga gunia la mchele kwa kijiko: daktari, picha, kobalti, makovu, tumbo, ng'ombe. Alipumzika katikati ya sentensi na Dada akasubiri. Hakummalizia hata moja. Ndiye peke yake duniani ambaye hakummalizia.

"Kumbe," Dada alisema, baba yake alipofika mwisho.

"Ume... nielewa?"

"Nimekuelewa, baba." Alimpangusa jasho. "Wale wa kiwandani wanasema vingine, ila nimekuelewa. Lakini ile mashine ya hewa nani ataileta? Mama anasema unalala umeketi." Akafikiri kidogo, akaongeza kwa sauti ya kumchangamsha, "Halafu mimi yangu nitakunywa yote. Sitamwachia mtu hata tone. Kwa hiyo vyovyote iwavyo, baba, nitakuwa nimejikinga."

Jumatatu Redio alisema lazima aende naye. Kisingizio kilikuwepo: alitakiwa kurudisha aproni ya ngozi na miwani ya kazini. Walitoka mapema sana ili afike. Dada alibeba stuli, akaiweka kwenye kila nguzo ya umeme, na nyumba zilikuwa zinafungua madirisha walipokuwa bado njiani.

Alikuwa ameandaa sentensi moja. Hakuipoteza njiani, hakusalimia mtu, aliyemsalimia alimpungia. Maziwa hayafiki mapafuni, washeni feni. Maneno matano. Angeyasema mbele ya foleni yote, na yakishasikika na watu wengi namna ile hakuna wa kuyarudisha.

Foleni ilikuwa imeshajipanga ukutani, wanaume na wasichana watatu wapya, kila mmoja na pakiti yake, kona yake imeng'atwa. Walikunywa wameinua videvu. Aliyemaliza alisogea mbele, akafungua mdomo, akatoa ulimi, msimamizi akatazama, akaonyesha mlango kwa kalamu. Wengine walikunywa kwa kisirani, macho pembeni. Kifundo alimwona rafiki yake, akauangalia ukuta.

Karani wa getini aliipokea aproni kutoka kwa Redio, akaikung'uta, vumbi la kijivu likaruka likatua, akampa Dada palepale juu ya meza ileile. Ilikuwa imemkaa vizuri. Miwani nayo.

Redio alisimama. Alivuta hewa, akaishika.

"Maziwa," alisema, na sauti ikatoka, watu wakageuka. "Maziwa hayafiki mapafuni. Washeni..."

"Ohoo, Redio imeshika stesheni," mtu mmoja alisema kutoka nyuma.

Foleni nzima ikacheka. Hakikuwa kicheko kibaya. Walikuwa wamemkumbuka, walikuwa wamechoka kumkasirikia, na hiki kilikuwa cha kwanza kuwachekesha tangu tangazo lile. Hata Kifundo alicheka, akijifuta maziwa kidevuni. "Endelea, mtangazaji," wakasema. "Tupe matokeo." Walimngoja kweli, nyuso zimekunjuka, wakitaka mzaha wote, na yeye alifungua mdomo na hakikutoka kitu. Kiganja kiliinuka chenyewe. Dada alikimbia akamwekea stuli.

Alipokuwa ameinama kumketisha, alimsogezea ile pakiti, akiificha kwa aproni. "Piga funda moja, baba. Haraka."

"Wewe binti," msimamizi aliita, si kwa ukali. "Ya kwako ni ya kwako. Tusirudie yale yale."

Dada alirudi kwenye mstari. Alikunywa bila kupumzika, akaminya pakiti kwa chini kama dawa ya meno, akailamba kona. Akaenda mbele. Alifungua mdomo wake mpana wenye meno yale mazuri na kutoa ulimi mweupe. Msimamizi alimwinua kidevu kwa kidole ili aone mpaka ndani.

"Safi," alisema. "Huyu ndiye mfano."

King'ora kililia, geti likafungwa. Mlinzi alichukua ufagio na kuanza kuzifagia pakiti tupu kuelekea mtaroni, akamzunguka mtu aliyeketi kwenye stuli, akamwambia pole mzee, inua miguu kidogo.

Redio aliinua miguu. Ndani mashine zilianza moja moja, akizitambua zote. Yake ilikuwa ya mwisho, na ilianza taratibu, kwa mkono usioijua, ikasita, ikashika. Alisikiliza. Ilikuwa inalia kwa sauti nyembamba, ya juu, bila maji.